Anwani ya Mashine Mtandaoni: Somo la Namba Nne

Katika muhula wa pili wa mwaka jana lilitupata shuleni kwetu jambo lililokuwa karibu kumtia mtoto asiye na kosa katika adhabu, na kuitia shule katika gharama isiyo na sababu. Jambo hilo lilitokana na namba moja tu, tena namba fupi. Nimeona yafaa niwaeleze habari ile, kisha tujifunze pamoja jinsi mashine inavyopewa anwani yake katika mtandao, ili wale watakaokabidhiwa chumba cha kompyuta baada yetu wasije wakatumbukia katika shimo lile lile.

HABARI YENYEWE

Katika chumba chetu mna kompyuta 24 na printa moja kubwa. Printa hiyo haikufungwa na kompyuta moja peke yake. Imeunganishwa kwa waya na mtandao wa shule, hata kompyuta yo yote, pamoja na ile ya karani na zile za chumba cha walimu, yaweza kuipelekea kazi.

Tuliporudi kutoka likizo printa ilianza vituko. Asubuhi yachapa vizuri. Ikifika saa nne, kimya. Jioni yachapa tena kana kwamba haikuwa na neno. Tulivumilia hivyo kwa majuma mawili, mpaka likafika juma la mitihani ya katikati ya muhula. Siku ya mtihani wa hesabu wa kidato cha nne, karatasi zilikataa kutoka, na wanafunzi wamekwisha kaa katika viti vyao. Mtihani ukaahirishwa.

Hapo ndipo watu walipoanza kumtafuta mwenye kosa. Mtu wa mwisho aliyeonekana akiigusa printa alikuwa msichana wa kidato cha pili, mwenye zamu ya kutia karatasi. Ikasemwa kwamba amebonyeza vitufe asivyovijua, akaiharibu mashine. Alikana kwa machozi, lakini nani angemsikia? Barua ya kumwita mzazi wake ikaandikwa. Fundi aliyeitwa aliitazama printa kwa dakika chache, akasema imechakaa, afadhali inunuliwe nyingine.

Kumbe printa ilikuwa nzima, na yule msichana hakuwa na kosa hata chembe. Chanzo nitakisema mbele, maana asiyelijua somo hili hawezi kukifahamu.

1. ANWANI NI NINI?

Watu wengi wa nchi zetu hupata barua zao kwa sanduku la posta. Mwenye kuandika barua hutaja namba ya sanduku na jina la mji, na barua hufika ijapokuwa karani wa posta hamjui mwenyewe kwa sura. Mashine katika mtandao nazo huandikiana vivyo hivyo. Kila ujumbe hukatwa vipande vidogo, na juu ya kila kipande huandikwa namba ya mashine inayopeleka na namba ya mashine inayopelekewa. Namba hiyo ndiyo iitwayo anwani ya IP.

Kanuni za upelekaji huu zilibuniwa na Wamarekani wawili, Vinton Cerf na Robert Kahn, waliotangaza fikira zao mwaka 1974. Umbo la anwani tunalolitumia katika somo hili lilitangazwa Septemba 1981, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa Marekani ulioitwa ARPANET uliacha kanuni zake za zamani na kuzishika hizi.

Anwani huandikwa kwa namba nne zilizotengwa kwa nukta, kwa mfano 192.168.1.20. Kila namba haiwezi kupungua 0 wala kuzidi 255. Kwa nini 255? Kwa sababu kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kila moja ya namba zile nne imepewa nafasi nane, ziitwazo biti. Nafasi nane zikijaa tarakimu 1 zote, hesabu yake ni 255. Namba 192 kwa mfano ni 128 na 64 zikijumlishwa, na kompyuta huiandika 11000000. Biti nane mara nne ni biti 32, na kwa biti 32 zaweza kuandikwa anwani 4,294,967,296.

Wakati ule hesabu hiyo ilionekana kubwa mno. Leo haitoshi hata kidogo. Mwezi wa Februari 2011 ofisi kuu ya dunia inayogawa anwani ilitoa mafungu yake ya mwisho kwa ofisi tano za sehemu za dunia. Ofisi ya Afrika ni AFRINIC, nayo iko katika kisiwa cha Mauritius. Kanuni mpya yenye anwani za biti 128 ipo na yatumika mahali pengi, lakini katika vyumba vya shule hii ya namba nne ndiyo utakayoikuta mara nyingi, nayo ndiyo ya kuanzia kujifunza.

Tangu mwaka 1994 yametengwa mafungu matatu ya anwani ambayo mtu ye yote aweza kuyatumia ndani ya nyumba yake pasipo kuomba ruhusa: zile zinazoanza na 10, zile za kuanzia 172.16 mpaka 172.31, na zile zinazoanza na 192.168. Anwani hizi hazitoki nje. Ndiyo sababu printa ya shule yetu yaweza kuitwa 192.168.1.20, na printa ya shule jirani ikaitwa hivyo hivyo, wala wasigombane. Ni kama kitanda namba 5 katika bweni: kila bweni lina kitanda namba 5. Lakini ndani ya bweni moja vitanda viwili vikiwa na namba 5, usiku patakuwa na ugomvi. Likumbuke neno hili.

2. MASKI YA SABNETI

Namba ya pili huitwa maski ya sabneti, na aghalabu huandikwa 255.255.255.0. Wengi huinakili bila kujua kazi yake. Kazi yake ni kukata anwani vipande viwili. Penye 255, sehemu ile ya anwani ni jina la mtandao, mfano wa jina la mji. Penye 0, sehemu ile ni namba ya mashine yenyewe, mfano wa namba ya sanduku. Basi anwani 192.168.1.20 ikiwa na maski hiyo, mji wake ni 192.168.1 na sanduku lake ni 20.

Mashine ikitaka kupeleka ujumbe, kwanza hutazama: je, huyu ninayempelekea ni wa mji wangu? Kama ni wa mji wake, humpelekea moja kwa moja. Kama ni wa mji mwingine, hutafuta mlango wa kutokea. Kwa hiyo maski isipokuwa sawa, mashine hudanganyika. Ukiandika 255.255.0.0 mahali pa 255.255.255.0, mashine itamdhani mtu wa 192.168.2 kuwa ni jirani yake wa nyumba moja, itamwita kwa sauti katika uwanja, na hatajibu mtu.

Katika mtandao wa maski hii, namba 0 ya mwisho ni jina la mtandao wenyewe, na namba 255 ni ya kuwaita wote kwa pamoja. Hizo mbili hazipewi mashine yo yote. Zinabaki namba 254 za kugawa, kuanzia 1 mpaka 254.

3. LANGO

Namba ya tatu ni ya lango, ambalo mafundi huliita getiwei. Hili ni anwani ya ruta, yaani chombo kinachosimama kati ya mtandao wa shule na ulimwengu wa nje. Mahali pengi lango hupewa namba ya kwanza, 192.168.1.1, lakini si sheria. Tazama kwanza la kwenu.

Sharti la lango ni moja: liwe ndani ya mtandao ule ule wa mashine yako. Mtu hawezi kutoka nje kwa kupitia mlango wa ua wa jirani. Mashine yenye anwani 192.168.1.20 na maski 255.255.255.0 haiwezi kulitumia lango la 192.168.5.1.

Printa isiyo na lango bado yaweza kuchapa kazi za kompyuta zilizo katika mtandao wake, kwa sababu kazi hizo hazipiti mlangoni. Lakini haiwezi kuwasiliana na mashine yo yote ya nje.

4. SEVA YA MAJINA

Namba ya nne ni ya seva ya majina, ambayo huandikwa kwa herufi tatu: DNS. Sisi wanadamu twakumbuka majina, lakini mashine hujua namba. Hapo mwanzo majina yote ya kompyuta za mtandao yaliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa California, na kila kompyuta ikaja kuinakili. Mashine zilipozidi, orodha ikashindwa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni njia ya kuigawa kazi hiyo: seva moja yajua majina yanayoishia na .ug ya Uganda, nyingine yanayoishia na .ke ya Kenya, nyingine yanayoishia na .tz ya Tanzania, na kadhalika.

Kosa la DNS lina dalili yake. Ukiita mahali pa nje kwa namba, panajibu. Ukipaita kwa jina, hapapatikani. Ukiona hivyo usilaumu waya wala ruta. Mtandao upo, kilichopotea ni kitabu cha majina.

5. NANI HUGAWA NAMBA HIZI?

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuandika namba zote nne kwa mkono katika mashine. Ya pili ni kumwachia mgawaji, ambaye huitwa kwa herufi DHCP. Kanuni ya kazi yake ilitangazwa mwaka 1993. Katika mitandao midogo ruta yenyewe ndiyo mgawaji. Mashine ikiwashwa huuliza: "Nani atanipa namba?" Ruta huchagua moja katika fungu lake, tuseme kuanzia 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.200, na kuipa pamoja na maski, lango na DNS. Lakini haiipi kabisa, huikodisha kwa muda. Muda ukiisha pasipo mashine kurudi, namba hupewa mwingine.

Njia hii yafaa sana kwa simu, laptopu na kompyuta za wanafunzi, maana hakuna anayehitaji kujua namba zao. Lakini printa ni kama duka: wateja hulijua mahali pake. Duka likihama kila juma, wateja watapotea. Kwa hiyo printa, seva na vyombo vingine vinavyotafutwa na wengi hupewa anwani isiyobadilika.

Na ukiona mashine ina anwani inayoanza na 169.254, ujue kwamba ilimwita mgawaji wala hakujibu, ikajipa namba yenyewe. Tazama waya kwanza, kisha tazama kama ruta imewashwa.

6. KAZI KWA MIKONO

Sasa na tuifanye kazi. Tuchukue printa ya mtandao, maana ndiyo iliyotuletea mashaka.

Hatua ya kwanza, omba ruhusa kwa mwalimu mhusika. Mipangilio ya mtandao si mchezo. Kosa lako laweza kuwanyamazisha watu wengi.

Hatua ya pili, ujue mtandao wenu ulivyo. Katika kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, uandike:

ipconfig /all

Utaona anwani ya kompyuta hiyo, maski yake, lango lake na DNS yake. Ziandike katika karatasi. Katika kompyuta ya Linux andika ip addr kwa anwani, na ip route kwa lango. Kisha mwombe mwenye kuitunza ruta akuambie fungu la mgawaji linaanzia wapi na kuishia wapi. Usiliache swali hili. Kuuliza si ujinga.

Hatua ya tatu, chagua namba iliyo ndani ya mtandao wenu lakini nje ya fungu la mgawaji. Ikiwa fungu ni 100 mpaka 200, basi 192.168.1.20 yafaa. Ijaribu kama ina mtu:

ping 192.168.1.20

Amri hii, iliyotungwa na Mike Muuss mwaka 1983, ni kama kubisha hodi. Jina lake limetokana na mlio wa chombo ambacho nyambizi hutumia kutafuta vitu baharini. Ukijibiwa, namba ina mwenyewe, tafuta nyingine. Usipojibiwa, usifurahi upesi: huenda mwenyewe amezimwa, au mashine yake imefungiwa ulinzi usioruhusu kuitikia hodi. Kwa hiyo tazama pia katika daftari la anwani. Kama shule yenu haina daftari hilo, leo ndiyo siku ya kulianzisha.

Hatua ya nne, fungua mipangilio ya mtandao katika kioo kidogo cha printa. Ondoa ugawaji wa DHCP, uweke uandishi wa mkono, kisha uandike namba zako nne. Kwa mfano wetu:

Anwani ya IP: 192.168.1.20
Maski ya sabneti: 255.255.255.0
Lango: 192.168.1.1
DNS: 192.168.1.1, ikiwa ruta yenu ndiyo inayopokea maswali ya majina. La sivyo, namba uliyoiona katika hatua ya pili.

Soma namba kwa sauti, mwenzako akifuatisha katika karatasi. Kidole kikiteleza, 20 huwa 200. Ukimaliza, hifadhi, zima printa, uiwashe tena.

Hatua ya tano, jaribu kwa utaratibu, ukianza karibu na kuishia mbali. Kaa kwenye kompyuta moja na ubishe hodi hivi: kwanza 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta kujiita yenyewe, pili anwani ya kompyuta hiyo, tatu printa, nne lango, tano namba iliyo nje, kwa mfano 8.8.8.8, ambayo ni seva ya majina ya Google iliyo wazi kwa watu wote tangu mwaka 2009. Sita jina lo lote la nje unalolijua. Mahali jibu linapokatika, hapo ndipo pa kutafuta ugonjwa. Mganga hampasui mtu tumbo kwa maumivu ya jino.

Hatua ya sita, zipitie kompyuta zote zilizokuwa zikichapa kwa anwani ya zamani, uzielekeze kwenye anwani mpya. Usipofanya hivyo zitaendelea kupeleka kazi kwenye nyumba iliyohamwa.

Hatua ya saba, badilisha neno la siri la printa lililotoka kiwandani, maana maneno hayo hujulikana na watu wengi, na asiye na nia njema aweza kubadili namba zako. Halafu andika yote katika daftari: anwani, jina la mashine, mahali ilipo, tarehe, na jina la aliyeiandika.

7. CHANZO CHA MASHAKA YETU

Sasa narudi kwenye habari yetu. Siku ya pili baada ya mtihani kuahirishwa, mwalimu wetu wa kompyuta aliniita mimi, niliye mtunza chumba. Aliniambia, "Kabla hatujamhukumu mtoto, na tuihoji mashine." Tukaizima printa, tukauchomoa na waya wake. Kisha akaniambia nibishe hodi kwenye anwani ya printa, nayo ilikuwa 192.168.1.120.

Ilijibu.

Tulitazamana. Printa imezimwa, waya u mkononi mwangu, na bado 120 yaitika. Basi yuko mwingine anayeitika kwa jina lake. Tulifungua ruta na kuitazama orodha ya anwani zilizokodishwa, tukaona 120 imepewa laptopu ya mmoja wa walimu wetu, ambaye hufika shuleni saa nne na kuondoka saa kumi. Alipofika, printa ilinyamaza. Alipoondoka, ilinena.

Mambo yalikuwa hivi. Fungu la ruta yetu lilikuwa 100 mpaka 200. Printa ilikuwa imeandikiwa 120 kwa mkono, ndani ya fungu lile lile, na ruta haikuambiwa. Muda wote printa ilipokuwa imewashwa hapakuwa na neno, maana ruta yetu hubisha hodi kabla ya kuikodisha namba. Lakini wakati wa likizo printa ilizimwa. Mwalimu yule alikuja kufanya kazi zake, ruta ikabisha hodi kwenye 120, haikujibiwa, ikadhani ni nyumba tupu, ikampa. Muhula ulipofunguliwa, wakawa wawili wenye anwani moja.

Kompyuta inapotaka kuzungumza na jirani huuliza katika uwanja: "Nani mwenye 120?" Mwenye namba hiyo hujibu kwa kutaja namba yake ya kiwandani, ambayo kila chombo cha mtandao huwa nayo. Kwetu walijibu wawili, na kazi ikaenda kwa yule ambaye jibu lake lilishikwa. Karatasi za hesabu zilipelekwa kwenye laptopu isiyojua kuchapa, ikazikataa.

Na nani aliyeandika 120? Ni mimi. Katika muhula wa kwanza niliambiwa niipe printa anwani isiyobadilika. Niliichagua 120 kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Sikuuliza fungu la mgawaji, wala sikuandika mahali po pote. Nilijaribu mara moja, ikachapa, nikajiona fundi. Na yule msichana aliposhutumiwa nilikuwapo, nikanyamaza. Si kwa kumchukia, bali kwa kuwa sikudhani kwamba kosa laweza kuwa langu.

Jioni ile nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza. Barua ya kumwita mzazi ilikuwa bado haijapelekwa, akaichana mbele yangu. Kesho yake nilimwomba msichana yule msamaha mbele ya darasa lake, maana huko ndiko alikoaibishwa. Printa tuliihamishia 192.168.1.20, tukazipitia kompyuta zote, na hapakununuliwa mashine nyingine. Mtihani wa hesabu ulifanywa Jumatatu.

Tangu siku hiyo chumba chetu kina daftari, nalo laanza hivi:

1: ruta, ndiyo lango
2 mpaka 9: swichi za mtandao na vituo vya waifai
10 mpaka 19: seva
20 mpaka 29: printa
30 mpaka 99: akiba
100 mpaka 200: fungu la mgawaji, asiandike mtu kwa mkono
201 mpaka 254: akiba

8. MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Kompyuta ina anwani 192.168.1.45, maski 255.255.255.0, na lango 192.168.2.1. Kosa liko wapi?

(b) Laptopu yaonyesha anwani 169.254.33.8. Yasema nini?

(c) Hodi kwenye 8.8.8.8 yajibiwa, lakini mahali pa nje hapafunguki kwa jina. Utatazama namba ipi kati ya zile nne?

(d) Mwenzako ataka kuipa printa 192.168.1.255. Utamwambiaje?

(e) Umebisha hodi kwenye 192.168.1.25 usijibiwe. Je, namba hiyo ni tupu?

Majibu: (a) Lango liko katika mtandao mwingine, mashine haiwezi kulifikia. (b) Haikupata namba kwa mgawaji, ikajipa yenyewe. (c) DNS. (d) Namba hiyo ni ya kuwaita wote kwa pamoja, haipewi mashine moja. (e) Haijulikani bado, tazama daftari.

Wasomaji wapenzi, wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani niliidhani methali hiyo ni ya wenye maduka peke yao. Sasa najua ni ya kila mtu anayekabidhiwa kitu cha wengi. Daftari letu ni kitabu cha mazoezi cha kurasa 48, nalo lingalikuwapo muhula ule, asingalilia mtu. Basi ukiandika namba katika mashine, iandike na katika karatasi. Na mashine ikinyamaza, ihoji kwanza kabla hujamnyoshea mtu kidole.